Kilima Kilichofagiwa

Kabla sijafika mbali, akina mama naomba mnisaidie. Nani kati yenu amewahi kukamulia samaki ndimu, tone likadondoka sakafuni, akachelewa kulifuta? Nyosheni mikono, msiogope, waume zenu wamesinzia. Haya, naiona. Na baadaye mlikuta nini pale? Doa. Tena si doa la kutoka kwa sabuni. Mahali palipokuwa panateleza pamekuwa na ukwaru, ukipitisha kidole unasikia chembechembe. Ndimu imekula sakafu. Fundi aliyeisugua ile sakafu akipita akaiona, atakuuliza mama, humu ndani mmeingiza tindo?

Basi kulikuwa na fundi mwashi mmoja. Tumwite Sekiete, maana lazima tumwite jina fulani. Alikaa katika kijiji kilichokuwa ubavuni mwa kilima cha mawe ya chokaa. Chini ya kilima kulikuwa na pango, na ndani ya pango, karibu tu na mlango, dimbwi la maji baridi ambalo kijiji kizima kilichota. Mto hawakuwa nao. Kwenye nchi ya mawe ya chokaa maji hayakai juu, yanapenya nyufa yanatokomea, ukiyataka uyafuate huko huko yalikokwenda.

Ukoo wa Sekiete ndio uliolitunza pango hilo tangu zamani za mababu. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Kila mwaka kabla ya masika, mtunzaji afagie njia ya kuteremkia na mlango wa pango, ili wachotaji wasiteleze. Na kulikuwa na sharti moja: hakuna kuingia ndani peke yako. Mtunzaji akiingia, mkewe ndiye mshika taa.

Sekiete na mkewe walikuwa na mtoto mmoja, binti, jina lake Yudita. Nasema mmoja, na wenye mtoto mmoja mnanielewa. Mtoto mchangamfu, mikono haitulii. Siku moja baba yake yuko kazini, akachukua ndimu za mama yake, akaenda kuzikamua juu ya kizingiti cha nyumba. Kizingiti hicho Sekiete alikichonga mwenyewe kwa jiwe la kilima, akakisugua mpaka kikawa laini. Jiwe likatoa vipovu. Mtoto akapiga vigelegele, jiwe linachemka bila moto! Akakamua nyingine, na nyingine. Baba kurudi, kizingiti kina vishimo vishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Jamani, alifoka siku ile. Fundi usimguse kazi yake. Lakini wakaishia kucheka wote watatu, kwa sababu baba naye alitaka kuviona hivyo vipovu, na ndimu ya mwisho aliikamua yeye.

Mwaka uliofuata Yudita alishikwa na homa, na homa ikamchukua.

Makaburini, udongo wa kwanza ulipogusa lile jeneza dogo, Sekiete alipiga ukelele. Hakulia kama sisi wanaume tunavyolia, kwa kukohoa na kujifuta leso tukisingizia vumbi. Alitazama juu akasema kwa sauti, watu wote wakasikia: "Kwa nini? Nilikuwa na huyu huyu mmoja. Kwa nini umenifanyia hivi?"

Mzee wa kanisa akamshika bega, akambana. "Fundi, jikaze. Wewe ni mwanaume. Unamhoji Mungu mbele za watu? Futa machozi, useme asante."

Na Sekiete akafuta. Akasema asante.

Tena alifuta kweli kweli. Matanga hata hayajaanuliwa, akakoroga chokaa na mchanga laini, akapiga magoti mlangoni, akaviziba vile vishimo vya kizingiti kimoja baada ya kingine, akasugua mpaka kikawa kama siku kilipotoka mkononi mwake. Mkewe alitoka jikoni akamkuta anamalizia. Alirudi jikoni akakaa chini, sufuria ikaungua mbele yake na yeye anaitazama. Ah, ndugu zangu! Mwanaume mzima mwenye akili timamu, aliona dawa ya uchungu ni kusakafia alama za mikono ya mwanawe. Na alidhani anafanya usafi.

Halafu jina. Kwetu mwanamke akizaa tunamwita kwa mtoto wake, ndiyo heshima yake. Sekiete alikuwa akimwita mkewe Mama Yudita toka asubuhi mpaka jioni. Tangu mazishi akaacha. Akawa anamwita "wewe". Wewe, maji yako wapi. Wewe, nafunga mlango. Na sala za jioni, ambazo yeye kama baba wa nyumba ndiye aliyeziongoza, zilikuwa safi, zimenyooka: tunashukuru kwa siku ya leo, utulinde usiku huu, amina. Hapakuwa na neno hata moja la kukwaruza. Zilitoka mdomoni zikateleza zikaenda zake, na mwenyewe alijua kwamba hazijaingia popote.

Mkewe alivumilia. Alivumilia hata ndugu zake wakaanza kumshangaa. Siku moja, wanatayarisha shamba, akasimamisha jembe akasema, "Baba Yudita."

Sekiete akashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Ndiyo, nimekuita jina lako, usinikodolee macho. Sikiliza. Masika yakikatika nakwenda kwetu."

"Kusalimia?"

"Kukaa. Mwanangu nilimzika mara moja, makaburini. Wewe humu ndani unamzika kila kukicha, na unataka nikushikie jembe. Siwezi, mume wangu. Nimejaribu, siwezi."

Unajua alijibu nini? Alikwenda nyumbani akachukua ufagio.

Msimu wa kufagia pango ulikuwa umefika, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Alifagia njia. Alifagia mlango wa pango. Kisha mkono haukutaka kutulia, akapanda juu ya kilima. Huko juu palikuwa na kijisitu cha siku zote, miti imesongamana, majani yameanguka juu ya majani, ya chini yameoza yamekuwa udongo mweusi unaonuka mvua hata wakati wa kiangazi. Hakuna mtunzaji aliyewahi kufagia huko. Si kwamba palikatazwa. Ni nani duniani anafagia msitu? Sekiete alifagia. Alifyeka vichaka, akakusanya majani akayachoma, akakwangua ule udongo mweusi kwa jembe akaumwaga bondeni, mpaka upande mzima wa kilima ukabaki jiwe tupu, jeupe, linang'aa juani.

Mkewe alimpelekea chakula huko juu. "Unafagia nini huku?"

"Uchafu. Maji tunayokunywa yanapita humu."

"Uchafu huu umekukosea nini?"

Akaendelea kukwangua. Lakini mzee wa kanisa alipopita alisimama akasifu. "Hongera, fundi! Hicho sasa ndicho kilima cha mtu aliyeokoka." Na kweli kilipendeza. Sijui kama mmewahi kumwona mtu anayesifiwa kwa kitu kinachomuua. Anatabasamu, halafu anazidisha.

Mvua ikanyesha. Ilikuwa mvua ya maana, ya siku nyingi. Nayo ilipoanguka juu ya lile jiwe lililosafishwa, ikafanya inavyofanya kwenye mabati: ikateleza. Ikaporomoka kwa kelele ubavuni mwa kilima, ikasomba mahindi ya watu, na shamba la mzee wa kanisa lilikuwa la kwanza. Jua lilipotoka, jiwe likakauka kabla watu hawajamaliza kuanika nguo. Na masika yakiwa katikati, wakati ambapo dimbwi la pango huwa limejaa hadi ukingoni, wachotaji wakaanza kusikia kata inagonga mwamba. Maji yalikuwa yanapungua.

Sasa mtunzaji hana budi kuingia ndani kutazama yanakotoka. Sekiete alisimama mlangoni mwa nyumba yake, hajui aanzeje kuomba. Mkewe akamwangalia, akasema, "Bado sijaondoka. Lete karabai."

Wakateremka. Wakalipita dimbwi, wakafika mahali ambapo pango linabana, ukitaka kupita ulale kifudifudi. Sekiete hakuwahi kupita hapo, na baba yake pia hakuwahi. Wakalala, wakajivuta, taa mbele. Kisha dari likainuka, wakasimama wima. Mkewe akainyanyua karabai.

Ee Mungu wangu. Nitawaelezaje?

Walikuwa wamesimama ndani ya ukumbi ambao kanisa hili letu lingeingia na mnara wake, na nafasi ya kuegesha magari ikabaki. Mwanga wa karabai ulipanda, ukapanda, ukachoka kabla ya kulifikia dari. Kulikuwa na nguzo nene ambazo watu wangeshikana mikono wasiweze kuzizunguka. Kulikuwa na mawe yaliyoning'inia toka juu, mengine yamechongoka kama sindano, na chini ya kila moja jiwe jingine limeinuka kulipokea. Kulikuwa na pazia la jiwe limekunjamana ukutani, mkunjo baada ya mkunjo, kana kwamba mtu ametoka kulitundika. Mkewe akaipeleka taa nyuma ya pazia lile, na jiwe, jiwe gumu, likapitisha mwanga, likawa jekundu hafifu kama sikio la mtoto ukiliweka mbele ya taa. Mwanamke akaona, akaziba mdomo kwa kiganja.

Sekiete alikuwa mtu wa mawe, hakutazama kama wewe na mimi. Alikwenda ukutani akatafuta alama za tindo. Kila aliyechonga jiwe huacha alama, hata awe hodari namna gani. Alipapasa. Hakuna. Kuta zimeviringwa laini, kona hakuna, nyundo haikupita humu. Yeye kuchonga kizingiti kimoja kulimpotezea ngozi ya viganja, na hapa ulikuwepo mlima umetobolewa wote kwa ndani, na nje nyumba zimekaa juu yake na watu wamelala usingizi.

"Nani amefanya hivi?" akauliza kwa kunong'ona.

"Maji," mkewe akasema.

"Maji hayali jiwe. Mvua inayapiga mawe yangu kila mwaka, sijaona hata kishimo."

"Gusa hapa chini."

Akamshika mkono akaupeleka chini ya ukingo wa mwamba, mahali palipolowa. Kidole kikakuta ukwaru, chembechembe, vishimo. Sekiete akautoa mkono wake upesi kana kwamba ameungua. Alikuwa anaijua ile hali. Aliwahi kuipapasa mlangoni mwake, akapiga magoti akaisakafia.

"Ni ndimu tu," mkewe akasema. "Ndimu kidogo mno, kwa muda mrefu mno."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nywele zilinisimama mimi niliposimuliwa na waliosomea mawe. Mvua inapotoka juu haina nguvu ya kutosha. Lakini ikianguka mahali penye majani yanayooza, ikapita taratibu kwenye udongo mweusi, kwenye mizizi, kwenye vitu vilivyokufa vikaharibika, inachukua humo ukali kidogo. Kidogo sana! Ukiyaonja maji hayo, ulimi wako hausikii kitu. Lakini jiwe linasikia. Maji hayo yanaingia kwenye ufa ambao uzi haupiti, hayapigi, hayasukumi, yanaliyeyusha jiwe chembe kwa chembe na kuondoka nalo. Vizazi vinazaliwa na kuzikwa, falme zinakuja na kwenda, maji yako kazini. Na hawakuishia hapo kunisimulia. Lile jiwe lililoyeyushwa halipotei. Tone likifika kwenye dari la pango linaning'inia, linapumua, na kabla ya kuanguka linaacha pale chembe ya lile jiwe lililolibeba. Zile nguzo, lile pazia lenye mwanga, ni jiwe lile lile lililoliwa huko juu, limekuja kuwekwa upya huku chini na lile tone lililolila. Ndugu zangu, mimi niliposikia hivyo nilikaa kimya, na nyie mnajua kunyamaza si kipaji changu.

Sekiete akainua macho. Upande mmoja wa ukumbi mizizi ilikuwa imetokeza kwenye nyufa za dari, myeusi, na kila jiwe lililoning'inia lilikuwa na tone kwenye ncha yake. Ulikuwa upande ambao ufagio haukufika. Upande wa pili, chini kabisa ya lile jiwe jeupe lililosifiwa, mawe yaliyoning'inia yalikuwa makavu. Alihama toka jiwe moja hadi jingine akiziweka ncha kiganjani. Kavu. Kavu. Kavu.

"Mimi ndiye niliyeyakausha," akasema.

Mkewe hakumwambia siyo wewe, wala hakumwambia pole. Alishika taa.

Na hapo kitu kikakatika kifuani mwa mwanaume yule. Akafungua kinywa, na ile sala aliyofutishwa makaburini ikatoka, pamoja na nyingine zote zilizoozea chini yake. "Kwa nini umemchukua Yudita? Nimekushukuru kwa mdomo mwaka mzima na moyoni sina shukrani, nina hasira! Nina hasira na wewe! Yudita wangu, Yudita!" Akalia mpaka akakaa chini kwenye matope. Kisha ghafla akajikunyata, akaweka mikono kichwani. Alikuwa anangoja dari limwangukie. Alikuwa amefundishwa kwamba mtu akisema hivyo dari litaanguka.

Dari halikuanguka. Tone moja lilidondoka upande ule wenye mizizi, wakalisikia likifika.

"Mama Yudita," akaita.

"Abee."

"Tone lile kule... Hata sala ya namna ile inafika?"

"Sasa unadhani ni sala gani iliyochimba humu?" akasema mwanamke, akaiweka taa chini, wakashikana, wakalia mtoto wao kwa mara ya kwanza wakiwa wawili. Na habari za kwenda kwao hazikusikika tena.

Siku zilizofuata kijiji kiliona kioja. Fundi na mkewe wanapanda kilimani na matenga ya majani makavu, ya udongo mweusi, ya samadi, wanamwaga juu ya jiwe lililosafishwa. Mzee wa kanisa akaja na fimbo yake. "Fundi, umerukwa na akili? Unarudisha uchafu?"

Sekiete akafuta jasho. "Mzee, mimi nilidhani ni uchafu. Wewe nenda chini ukatazame uchafu huu umejenga nini."

Mzee alikwenda? Sijui. Na hapo ndipo ninapowageukia nyie, maana naona wengine wameshaanza kutafuta viatu kwa miguu, wanadhani nimemaliza. Mmeshafurahi kwamba fundi amepona. Sekiete mwacheni, Sekiete ameshapata pango lake la kulilia. Mimi nauliza huyu mzee wa kanisa ni nani? Anasali kanisa gani?

Wiki hii tulikuwa msibani. Simtaji mwenye msiba, na tafadhali msigeuze shingo. Mama yule alifungua kinywa pale uani, akaanza kusema, "Mungu, hivi mimi..." Hakumaliza. Hamkumbuki kwa nini hakumaliza? Kwa sababu tulianzisha pambio. Sauti nzuri, makofi, wengine wakaleta ngoma. Tukaimba mpaka akafunga mdomo, tukasema amefarijika, tukagawa chai. Tumekuwa hodari wa kufagia. Mtu akija na chozi lenye ukali tunamkimbilia na ufagio, tunamwambia sema amina, tunamsifu akibaki jiwe tupu. Halafu tunashangaa kwa nini mioyo yetu imekauka, kwa nini hatuna nafasi ndani ya kumkaribisha hata jirani, kwa nini sala zetu zinateleza kama mvua kwenye bati! Tulidhani Mungu ni wa kulindwa dhidi ya kilio cha mtoto wake? Huyu aliyeupa ukali wa jani bovu uwezo wa kuchimba nyumba ndani ya mlima, ndiye tunayemwogopea neno la mama aliyefiwa?

Kwaya naona mmesimama. Kaeni. Leo hamtaimba, na mpiga kinanda funga kinanda chako. Tutakaa kimya, mimi wa kwanza. Na yule tuliyemkatiza, kama yumo humu ndani, mama, malizia. Tunakusikiliza.